Jumatano ya Kwanza ya Mwezi: Maisha ya Mwalimu Jacinta Gacheri Ngatia

Mchungaji, wazee wa kanisa, Bwana Ngatia na watoto, viongozi wa shirikisho na wa vilabu, wachezaji, wapagazi wa mlima, na nyinyi majirani wa Naro Moru mlioacha kazi za shamba leo Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025, naitwa Kinoti Miriti, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Marehemu hakupenda hotuba inayozidi kipindi kimoja cha mechi, yaani dakika arobaini na tano, nami nitamaliza mapema zaidi ya hapo, kwa sababu nje ya lango kuna mabasi mawili ambayo lazima yaondoke saa nane kamili, na sababu yake mtaijua kabla sijakaa.

Mwalimu Jacinta Gacheri Ngatia alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 katika kijiji cha Kathera, karibu na Nkubu, upande wa Meru, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Miriti na marehemu Mama Rael Kinya. Baba alikuwa mpishi wa watu wanaopanda Mlima Kenya, na mwaka 1968 alihamisha familia hadi hapa Naro Moru ili awe karibu na kazi, katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili, mahali ambapo hatukuwa na jamaa hata mmoja, na karibu kila chombo tulichohitaji kilikuwa cha jirani. Mama alituwekea utaratibu ambao nyinyi wenyeji mnaujua, kwamba anayeazima aende mwenyewe, aseme saa atakayorudisha, arudishe chombo kikiwa kimeoshwa, na asikirudishe kitupu, kwa hiyo sufuria ilirudi na maharagwe, karai lilirudi na viazi, na hata jembe lilirudi likiwa na mboga zilizofungwa kwenye mpini. Aliyetumwa zaidi alikuwa Gacheri, kwa sababu alikuwa na mbio, na nawaomba mkumbuke utaratibu huo, kwa kuwa kazi yake yote ya baadaye ilitoka hapo, pamoja na kosa lake moja kubwa.

Alisoma shule ya msingi hapa Naro Moru kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na masomo ya sekondari mjini Nyeri kuanzia 1976 hadi 1979, ambako alikimbia mita mia nane na kuongoza timu ya mpira wa magongo, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Januari 1981 na kuhitimu Desemba 1982. Katika ripoti ya mwisho mkuu wa chuo aliandika kwamba ana sauti kubwa na hachoki, na familia inathibitisha yote mawili.

Alianza kufundisha Januari 1983 katika shule ya msingi nje kidogo ya Kutus, ambako mwaka 1985 alianzisha timu ya mpira wa miguu ya wasichana, ingawa wazazi wengi walidhani ni mzaha, na Januari 1991 alihamishiwa Kangari, katika eneo la majani chai, ambako alikaa hadi Desemba 1998. Huko Kangari wasichana wake walichuma majani asubuhi za Jumamosi pamoja na mama zao, wakafanya mazoezi baada ya majani kufikishwa kwenye kituo cha kununulia, na mwaka 1994 walizishinda shule kubwa sita na kuwa mabingwa wa wilaya. Alipoulizwa aliwafundisha nini, alijibu kwamba hakuwafundisha kitu ambacho wale wengine hawakufundishwa, ila wale wake walikuwa wakicheza pamoja tangu darasa la nne. Januari 1999 alirudi Naro Moru, akafundisha hapa hadi alipostaafu Juni 2022.

Tarehe 20 Desemba 1986, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Bwana Peter Ngatia wa Mwai, kutoka Nyeri, ambaye wakati huo alikuwa afisa wa kilimo Kirinyaga. Walijuana kwa sababu Mwalimu alikwenda ofisini kwake kuazima pampu ya kunyunyizia dawa ili achore nayo mistari ya uwanja kwa chokaa, akairudisha siku iliyofuata saa ile ile aliyoitaja, ikiwa imeoshwa, na ndani ya ndoo yake mlikuwa na ndizi mbivu kumi na mbili. Bwana Ngatia amewaambia watu wengi kwamba pampu ile ilikuwa ya serikali na haikupaswa kutoka ofisini, lakini ndizi alizila. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mwai, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1988, ambaye ni fundi wa umeme mjini Nyeri, na Anita, aliyezaliwa tarehe 17 Julai 1991, ambaye ni muuguzi, pamoja na wajukuu watatu, na Bwana Ngatia amechora mistari ya kila uwanja ambao mkewe alifundishia kwa muda wa miaka thelathini na minane, hadi jana.

Januari 2023, miezi saba baada ya kustaafu, aliteuliwa meneja wa timu ya taifa ya wanawake, chini ya Kocha Mkuu Valentine Mutuma, ambaye yuko hapa nasi. Mechi yao ya kwanza ilikuwa ya ugenini, Jumanne, tarehe 11 Aprili 2023, nao walifungwa mabao matano kwa bila. Kipa wao, Nasteha, wa klabu ya Mifugo Ladies ya Nanyuki, aliwaita mabeki wake kwa namba za jezi, mbili, nne, tano, kwa sababu alikutana nao kwenye uwanja wa ndege siku mbili kabla na hakuwa amejua majina yote, na katika dakika ya sitini namba tano alitoka na namba kumi na nne akaingia, kipa akaendelea kumwita tano, na bao la nne likapita katikati ya aliyeitwa na aliyekuwepo.

Ripoti ya Mwalimu kwa shirikisho ilikuwa ya ukurasa mmoja. Aliandika kwamba katika miezi kumi na miwili wachezaji wale walikuwa pamoja kwa siku kumi na moja, na sita kati ya hizo walikuwa safarini, na akamalizia kwa kusema kwamba timu iliyofungwa haikuwa mbaya, ila haikuwa timu bado. Shirikisho lilimjibu kwamba vilabu vinalazimika kuwaachilia wachezaji katika siku za mechi za kimataifa peke yake, na vilabu navyo vilimwambia kwamba vyenyewe ndivyo vinavyowalisha wachezaji hao na kuwatibu wakiumia, na havioni sababu ya kuwatoa zaidi ya sheria inavyotaka. Mwalimu hakubishana na upande wowote, kwa sababu aliona kwamba wote walisema kweli, akaamua kwamba kama hawezi kudai, ataazima.

Mwezi wa Mei mwaka huo alizunguka vilabu saba, cha Nanyuki, cha Nyeri, cha Kutus, cha Thika, cha Nakuru na viwili vya Nairobi, akaenda mwenyewe kila mahali, akasimama langoni na kuomba kitu kimoja. Aliomba Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, wachezaji watoke asubuhi, wacheze mechi moja kamili hapa Naro Moru, na kila mmoja awe amerudi klabuni kwake kabla ya saa moja jioni. Alichagua Naro Moru kwa sababu uwanja wa shule ulikuwa wa bure, mistari ilikuwa na mwenyewe wa kuichora, na wapagazi wa mlima, ambao hubeba mizigo ya wageni hadi kambi za juu na hawajui kuhema, walikuwa tayari kuwa wapinzani wakati wowote ambao wageni ni wachache.

Jumatano ya kwanza ilikuwa tarehe 7 Juni 2023, na wapagazi walishinda mabao manne kwa bila. Nahodha wao, Wamae, ambaye leo ni mmoja wa wabeba jeneza, alimfuata Mwalimu kando ya uwanja na kumuuliza, "Mama, na hii ni timu ya taifa ya nchi gani?" Mwalimu alimwambia arudi mwezi ujao. Jioni ile wachezaji walirudishwa kwa wakati, na kwa kila klabu alitia ndani ya basi gunia dogo la viazi kwa ajili ya jiko la klabu, na karoti zikiwepo, akafanya hivyo kila mwezi, hadi wapishi wa vilabu wakawa ndio watetezi wake wakubwa kuliko wenyeviti.

Sasa nafika kwenye kosa lake, ambalo familia imekubaliana lisomwe, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisimulia kila alipopata nafasi. Jumatano, tarehe 1 Novemba 2023, dakika ya themanini, beki namba nne, Sophie, ambaye pia ni wa Mifugo Ladies, alizungusha goti. Aliweza kutembea, na Mwalimu alimfunga bandeji na kutumaini kwamba litatulia, na aliogopa kwamba akipiga simu Nanyuki, mwenyekiti wa klabu hiyo, Mzee Garad Abdiaziz, ambaye ni mfanyabiashara wa mifugo, hatamtoa mtu tena mwezi wa Desemba. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo mtu aliyelelewa katika nyumba yetu anaweza kulifanya, akaona kwamba chombo kilichopata ufa kitarudi na zawadi kubwa zaidi, akatia ndani ya basi la Nanyuki magunia mawili badala ya moja, na karoti, na kabeji sita, wala hakusema neno.

Kesho yake mazoezini goti lilikuwa limevimba kiasi kwamba soksi haikupanda. Mzee Garad alipiga simu, akasalimu vizuri, akauliza habari ya nyumbani, kisha akasema, "Mwalimu, viazi nimepata. Habari ya goti sikupata." Akakata simu, akawaondoa wachezaji wake wote wanne, na kabla ya wiki kwisha wenyeviti wengine wawili walikuwa wamefuata. Desemba walikuja wachezaji tisa, na Wamae akawaazima wapagazi wawili ili wafike kumi na mmoja, na Januari 2024 walikuja sita, wakacheza sita kwa sita katika nusu ya uwanja. Mechi mbili za kufuzu kombe la kanda zilikuwa zimepangwa Oktoba mwaka huo, na Kocha Valentine alimwambia waziwazi kwamba hali ikiendelea hivi hadi Machi, ataingia uwanjani tena na watu wasiojuana majina.

Jumamosi, tarehe 20 Januari 2024, Mwalimu aliamua kwenda Nanyuki, soko la mifugo, mahali ambapo Mzee Garad hawezi kukosekana siku hiyo. Bwana Ngatia alikuwa amekwisha kupakia gunia la viazi kwenye pikapu, naye akaliteremsha, na Bwana Ngatia anasema katika ndoa yao hiyo ndiyo siku pekee aliyomwona mkewe akienda kwa mtu bila kitu mkononi. Aliyonisimulia yeye na aliyonisimulia Mzee Garad juu ya siku hiyo yanalingana, kwa hiyo nayasoma kama yalivyo.

Mzee Garad alikuwa katikati ya mbuzi na wanunuzi, na Nasteha, yule kipa, binti wa ndugu yake, alikuwa amemletea chai. Alimtazama Mwalimu mikono, kisha uso, akasema, "Leo umekuja hivyo hivyo."

Mwalimu alimwambia, watu wote wakisikia, "Siku ile niliacha viazi viniongelee. Leo nimekuja kuongea mwenyewe. Goti la Sophie liliumia dakika ya themanini, nikaona na macho yangu, nikaogopa kukupigia. Makosa ni yangu, si ya msichana."

Mzee Garad alimwambia mnunuzi mmoja asubiri, akasema, "Mimi huazima watu punda. Mtu akinirudishia punda inachechemea, sikasiriki. Lakini nataka aniambie yeye. Sio niambiwe na punda."

Nasteha akamuuliza ami yake, "Adeer, kwani sisi ni punda?"

"Punda haiulizi maswali mingi," alisema Mzee Garad, na soko zima likacheka, na tangu hapo kila mmoja aliyekuwepo alijua kwamba mambo yameisha.

Hayakuisha bila masharti. Mzee Garad alitaka kuwe na mtu wa klabu kwenye benchi kila Jumatano, na mchezaji akiumia, hata ukucha, klabu yake ipigiwe simu kabla basi halijawashwa, na anayepiga simu awe Mwalimu mwenyewe. Mwalimu aliyakubali yote, akaomba masharti hayo yawe ya vilabu vyote saba, na Jumatatu iliyofuata Mzee Garad aliwapigia wenyeviti wenzake sita, mmoja baada ya mwingine, akawaambia kwamba yeye ndiye aliyeumiziwa beki na yeye ndiye anayemrudisha, basi wao wana kisingizio gani. Jumatano, tarehe 7 Februari 2024, walikuja wachezaji ishirini na mmoja, na Sophie alikuwa wa ishirini na mbili, akiwa ameketi na goti lake juu ya kiti cha pili.

Kuanzia hapo hakuna mwezi uliorukwa. Walicheza tarehe 1 Mei 2024 katika mvua ambayo ilifuta mistari ya Bwana Ngatia mara mbili, na walicheza tarehe 1 Januari 2025, Mwaka Mpya ulipoangukia Jumatano ya kwanza, na siku hiyo aliyekosa alikuwa mmoja tu, ambaye alikuwa na harusi, nayo ilikuwa yake mwenyewe. Tarehe 3 Julai 2024 waliwashinda wapagazi kwa mara ya kwanza, mawili kwa moja, na Mwalimu alitembea uwanja mzima hadi kwa Wamae kumuuliza, "Na hawa wapagazi ni wa mlima gani?" Alikuwa amelitunza swali hilo kwa miezi kumi na mitatu.

Mechi za kufuzu zilichezwa Oktoba 2024, baada ya Jumatano kumi na saba. Ile ya ugenini, Ijumaa, tarehe 25, iliisha moja kwa moja, na ile ya nyumbani, Nairobi, Jumanne, tarehe 29, ilikaa bila bao hadi dakika ya sabini na nane, wakati Nasteha alipodaka krosi, akairusha kwa Sophie bila kumwita, Sophie akaipiga mbele bila kuinua kichwa, na namba saba alikuwa amekwisha kuanza kukimbia, akafunga. La pili lilipatikana dakika za nyongeza. Walishinda mawili kwa bila, wakafuzu, na watu wa hapa waliokuwa wakitazama kwenye hoteli ya stendi walivunja viti viwili ambavyo vimekwisha kutengenezwa. Mwandishi mmoja alimuuliza Sophie alijuaje kwamba namba saba yuko pale, naye akajibu, "Hiyo tulifanya Jumatano," akaondoka, na Mwalimu aliniambia kwamba kama angeambiwa aandike ripoti ya pili, angeandika sentensi hiyo moja.

Wakati huo wote alikuwa mgonjwa. Tarehe 12 Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo hospitalini Nyeri, na tangu Novemba mwaka huo alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Ijumaa, siku alizochagua mwenyewe baada ya kuuliza kama kuna uwezekano wa kuiacha Jumatano. Hakuficha, kwa sababu lile goti lilikuwa limemfundisha, na siku tatu baada ya kupewa majibu aliwapigia wenyeviti wote saba, akaanza na Mzee Garad, akasema, "Majeruhi wa mwezi huu ni mimi. Nakuambia mapema." Aliendelea kuja uwanjani kila mwezi, kwanza akisimama, baadaye kwenye kiti, na mara ya mwisho, Jumatano, tarehe 6 Agosti 2025, ndani ya pikapu iliyoegeshwa nyuma ya goli, na hata siku hiyo aliyehesabu wachezaji wakipanda basi alikuwa yeye.

Kilichomsumbua katika wiki zake za mwisho hakikuwa maumivu. Alimwambia Anita kwamba Jumatano hizi zimesimama juu ya neno lake peke yake, hazimo katika ratiba ya ligi wala katika barua ya mtu, na mwazimaji akiondoka, mwenye chombo hukitia ndani na kufunga mlango. Kombe la kanda litachezwa Desemba hii, na kabla ya hapo kulikuwa na Jumatano nne za kuombwa, naye hakujua nani atasimama langoni. Alimwachia Anita agizo moja lililoandikwa, kwamba asizikwe siku ya Jumatano na Jumatano isiahirishwe kwa ajili yake, na tarehe 26 Agosti 2025, siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, akafariki dunia hospitalini Nyeri, Bwana Ngatia na watoto wote wawili wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Mnisamehe, kwa kuwa mimi ndiye niliyepanga mazishi yawe jana, Jumatano, kwa sababu ya nafasi ya kanisa, nikiwa sijaliona agizo hilo, na Bwana Ngatia alisema, "Jumatano yangu iko na mistari ya kuchora." Nilimwelewa baadaye, nikabadilisha.

Jumatatu wiki hii, tarehe 1 Septemba, wenyeviti wa vilabu saba walikutana na shirikisho mjini Nyeri, katika mkutano ulioitwa na Mzee Garad, na kabla ya saa sita mchana walikuwa wametia sahihi kwamba Jumatano ya kwanza ya kila mwezi haitakuwa na mechi ya ligi, wala mazoezi ya klabu, na kwamba mchezaji yeyote atakayeitwa ataachiliwa, mwaka hadi mwaka, kwa masharti yale yale ya soko la mifugo. Nimeombwa niseme wazi kwamba hawakuandika jina la marehemu katika karatasi hiyo kwa sababu ya kumhurumia. Waliliandika kwa sababu karatasi ilihitaji jina, na kila mtu chumbani alikuwa akiyaita masharti hayo ya Mwalimu.

Jana, Jumatano, tarehe 3 Septemba, timu ya taifa ilicheza hapa mechi yake ya ishirini na nane, wachezaji ishirini na wawili wakiwa wamefika wote, na ikawashinda wapagazi mabao manne kwa bila, yaleyale manne. Wamae hakuwa na swali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo hospitalini Nyeri, ambao kwa miezi tisa waliitunza Jumatano yake kana kwamba wao ndio waliokuwa wakicheza, walimu wa Kutus, wa Kangari na wa hapa, Kocha Valentine na benchi lake, majirani ambao tangu siku ile hawajaacha moto wa jikoni uzime, wapagazi ambao waliacha wageni wa mlima wiki hii, na wapishi wa vilabu saba waliotuma salamu zao kivyao. Kwa Mzee Garad tunasema asante kwa kukasirika vizuri.

Nilisema kuna mabasi mawili nje. Jana na leo ni mara ya kwanza wachezaji hawa kuazimwa kwa siku mbili mfululizo, na vilabu vimekubali bila kuulizwa mara ya pili, lakini saa iliyotajwa ni ile ile, saa moja jioni kila mmoja awe klabuni kwake, wa Nakuru akiwemo, ambaye ana safari ndefu. Kwa hiyo tukitoka kaburini, tafadhali msiwazuie wachezaji kwa picha, na wenye magari mliyoegesha mbele ya lango, myaondoe sasa hivi. Kila basi limepakiwa viazi, karoti na kabeji kutoka mashamba yenu, na Bwana Ngatia amehesabu magunia. Na kuna majeruhi mmoja. Namba saba alikanyagwa kidole cha mguu wa kushoto jana, dakika ya hamsini na tano, anatembea, lakini kimevimba, na klabu yake ilipigiwa simu jana saa kumi na nusu, kabla ya kitu kingine chochote. Aliyepiga simu ni Anita.

Dada yetu, Mwalimu wetu, pumzika kwa amani. Hakuna kinachorudi kitupu, na kilichoumia kimesemwa.